Gertrude, Sogea Usome

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema! Mimi ni Kwadwo, mzaliwa wa Jumatatu, na Jumatatu haijawahi kuniangusha sana.

Trela la Maame Dufie, tajiri wetu wa mtaani, limefika kutoka bandarini Tema. Limetumika Uholanzi, lakini urefu wake, jamani! Kichwa cha lori kilikuwa kimeshawapita wauza betri, mkia bado uko msikitini. Suame Magazine yote, mtaa wetu wa gereji, ilisimama. Mafundi walitoa vichwa chini ya magari kutazama.

Maame Dufie akatangaza mbele ya watu. Atakayelipamba trela hili hadi moyo wake uridhike, atampa kile kibanda cha kona alichokiacha Opanyin Sarpong aliporudi kijijini kupumzika. Kibanda cha kona! Kila gari linaloingia Magazine linapita pale. Mimi ofisi yangu iko nyuma kabisa, kando ya mtaro. Kazi zangu zinasomwa na mbuzi, na Adwoa muuza mayai, ambaye hanisifu. Nakitaka kile kibanda kuliko ninavyotaka chakula. Nimeshaandika, sifuti.

Mpinzani ni mmoja tu: Profesa Atakora. Si profesa wa chochote. Ni mchora mabango kama mimi, ila havui miwani hata akila fufu.

Sasa, nyuma ya trela kulikuwa na kibao cha njano, kigeni kabisa. Picha ya trela limekunja kiuno, mishale miwili ya kujipinda, na mtu kando yake ameinua mikono juu. Chini yake: GESTUURDE ASSEN. Maame Dufie akauliza nani anajua kusoma hicho. Profesa akasema kwa sauti ya kanisani kwamba kwa mtazamo wake hilo ni onyo.

Onyo! Watu walicheka mpaka fundi mmoja akaangusha spana. Nani anaandika onyo kwenye gari? Kwenye gari mtu anamshukuru Mungu, au anaandika jina la mama yake, au anampiga adui kijembe. Hata mtoto anajua.

Nikakohoa. Nikawakumbusha kwamba mimi ni boga. Ndivyo tunavyowaita waliokwenda Ulaya wakarudi. (Humu ndani naweza kusema ukweli: nilifika Agadez, ukingoni mwa jangwa, nikaugua tumbo, nikarudi. Lakini fulana niliyorudi nayo ilikuwa imeandikwa Hamburg.) Nikasoma polepole, kidole juu ya kibao. Assen, nikasema, ni asɛm yetu hii hii, mambo, kesi. Waholanzi walikaa Elmina, pwani kwetu, miaka na miaka, wakala kenkey yetu, wakaondoka na maneno yetu. Na Gestuurde ni jina la mtu. Ukilisema haraka unalisikia mwenyewe: Gertrude. Kwa hiyo, "Mambo ya Gertrude." Trela lilikuwa la mwanamke huyo, na huyu aliyeinua mikono ni mume wake anamshangilia.

Watu wote walimgeukia Maame Dufie. Nikakumbuka nikiwa nimeshachelewa. Gertrude! Gertrude Pokuaa anayeuza saruji ng'ambo ya barabara! Yeye na Maame Dufie hawasalimiani tangu walipokwenda kwenye msiba mmoja wamevaa kitambaa kile kile, kila mmoja akidai mwenzake alimwiga.

Maame Dufie alivimba. "Trela langu mimi? Limebeba jina la yule? Kitoe! Kitoe sasa hivi!"

Mimi nilikuwa na bisibisi mfukoni. Profesa hakuwa na kitu. Kazi nimepewa mimi.

Jumanne, 4 Juni

Kile kibao nimempa Adwoa. Nilikisugua kwa mafuta ya taa, nikakunja kingo, kikawa sinia la kupangia mayai. Nikamwambia ni zawadi kutoka Uholanzi. Akauliza kwa nini mtu wa kwenye picha amepanua mdomo hivyo. Nikamwambia ni furaha. Akasema yeye hajawahi kuona mtu mwenye furaha akiwa na mguu mmoja hewani namna ile. Nikamwambia hajamwona mume wa mtu tajiri. Hakunishukuru, lakini nilipopita baadaye, mayai yalikuwa juu yake. Nimefurahi kuliko ninavyotaka ajue.

Mpango wa maandishi umeiva. Maame Dufie anataka Gertrude ajibiwe. Mchoraji wa kawaida angeandika tusi kubwa, likasomeka toka ng'ambo, basi limekwisha. Mimi si wa kawaida. Juu nitaandika kwa herufi kubwa nyekundu:

GERTRUDE, SOGEA USOME

Chini yake, herufi ndogo kama za kwenye kopo la dawa. Ili uzisome lazima usimame karibu kabisa na mkia, uiname. Na ukishainama, utakuta hivi: "Umesogea. Basi una wivu."

Nilipomweleza Maame Dufie alikaa chini. Alicheka mpaka akaomba maji. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Profesa alikuwa anapita, nikahakikisha amesikia.

Jumatano, 5 Juni

Rangi ya kwanza imekubali. Naanza kuota kibanda. Nimeshaamua mlango utakuwa wa bluu.

Alhaji Mumuni, dereva wa Maame Dufie, amekuja kunisumbua kazini. Ni mtu wa Tamale, hana maneno mengi, lakini aliyo nayo yote ni ya kulalamika. Aliuliza kibao cha nyuma kiko wapi. Nikasema mwenye mali ameamuru kitolewe. Akasema hajawahi kuendesha trela la namna hii. Ekseli za nyuma zina usukani wake. Yeye akipinda kulia, matairi ya nyuma yanakwenda kushoto, eti ili trela refu lipite penye kona nyembamba. Nikasema vizuri, Waholanzi wana akili. Akasema akili yao iko sawa, lakini mkia wenyewe unatoka nje, unafagia.

"Boga, nakwambia, unafagia wallahi!"

Nikamwambia kila kinachocheza kina kiuno, asogee asiniharibie herufi S.

Saa hiyo hiyo alilisogeza trela ili jua lisinipige. Mkia ukaenda upande wa pili, ukaliangusha bango la Profesa, lile la mganga wa busha alilolifanyia kazi tangu Pasaka. Mganga alilala kifudifudi kwenye mafuta machafu. Profesa alipiga kelele kwamba nimemtuma dereva. Sikumtuma! Trela lenyewe limechagua upande. Nilicheka kimoyomoyo mpaka nikakosea herufi S.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemaliza. Ni kazi nzuri. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu nimelizunguka trela lote nikalitazama kama mgeni, na yule mgeni alipendezwa.

Gertrude Pokuaa amelisikia jina lake. Kutwa nzima alikuwa anachungulia juu ya mifuko ya saruji, anajifanya anahesabu. Herufi kubwa amezisoma. Zile ndogo zinamla roho. Mwanamke mmoja wa dukani kwake alitumwa kununua mayai kwa Adwoa, eti akipita apige jicho. Alipita mbali mno, hakuambulia kitu, akarudi na mayai tu. Mpango unafanya kazi!

Maame Dufie amesema kesho asubuhi, kabla ya kwenda msibani, maana kwetu misiba ni Jumamosi, trela litatoka kwa safari yake ya kwanza na mimi nitakabidhiwa ufunguo. Nimefua fulana ya Hamburg.

Adwoa ameniuliza kama nikihamia kona nitaendelea kununua mayai kwake. Nikajibu kwa utani kwamba kule konani wateja wangu watakuwa wa hoteli. Akageuka akaendelea kusaga pilipili. Nilitaka kusema jambo jingine kabisa. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 8 Juni

Nimekaa chini. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi watu walijaa konani. Maame Dufie alikuja na vazi lake jeusi la msiba, amependeza kwelikweli. Gertrude Pokuaa akatokeza ng'ambo, naye ni wa msibani. Kitambaa kile kile! Tena! Hata mshono wa bega ni ule ule. Niliona mishipa ya shingo ya Maame Dufie ikitoka. Akanikabidhi ufunguo haraka haraka, akasema, "Mwanangu, chukua. Alhaji, ondoka! Pita mbele ya duka lake!"

Nikafungua kibanda changu. Nikaingia. Nilikaa ndani yake kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi na kuona mahali pa kutundika kalenda. Halafu nikatoka nje nimwonyeshe Profesa ufunguo. Nashukuru tabia hiyo ninayo. Imeniokoa.

Trela lilikuwa linatoka uchochoroni polepole. Umati ukalifuata kwa nyuma, kila mtu anataka kusoma zile ndogo. Waliosoma walikuwa wanacheka na kuwaita wenzao. Gertrude alivumilia, akavumilia, akashindwa. Alivuka barabara na vazi lake, akawasukuma watu, akafika mkiani. Akainama. Akavaa miwani.

Alhaji akapinda kulia.

Mkia ukaenda kushoto. Haukwenda kwa haraka, ulikwenda kwa adabu, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwenzake akae. Watu wote wakarudi nyuma kwa mkupuo, mikono juu, midomo wazi, wengine mguu mmoja hewani. Nikawatazama nikasema moyoni: mbona nimewaona hawa mahali! Gertrude aliruka mtaroni na vazi lote la msiba. Hakuumia popote, ila maji ya mtaro wetu nayajua, unapita hadi kwangu kule nyuma, ni jirani yangu.

Mkia ukaendelea. Ukakifikia kibanda cha kona. Ukakibeba taratibu, kikalia kwaa, kikaegemea, kikamfuata Gertrude. Kalenda sikuwa nimeitundika bado.

Mimi nilibaki nimesimama na ufunguo mkononi. Ufunguo mzuri, mzima.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya wenye kiburi. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko nikimfikiria Profesa. Adwoa alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka.

Jumatatu, 10 Juni

Mzaliwa wa Jumatatu au la, hii nimeinyima alama.

Maame Dufie aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, Gertrude akaketi chake, mita kadhaa kati yao. Wazee wa chama cha mafundi katikati. Kesi. Nikajitetea kwamba Alhaji hajui kuendesha. Alhaji akasema maneno yake yote aliyobaki nayo, na yote yalinihusu.

Hapo Profesa akanyanyuka na simu. Ana binamu Rotterdam. Boga wa kweli, anayeendesha matrela huko huko. Aliwasha spika, akamsomea binamu herufi moja moja. G. E. S. T. Binamu hakungoja afike mwisho. Alisema hilo ni onyo. Ekseli zinazojipinda zenyewe, mkia unafagia, kaa mbali. Akauliza kwa nini, kibao kimepotea?

Watu wakanigeukia. Nikasema Kiholanzi kina lahaja nyingi.

"Na Gertrude je?" Maame Dufie akauliza ile simu. Binamu akasema hajui Gertrude yeyote. Sauti ya simu ikaendelea kuuliza mna kesi gani huko, mpaka salio lilipokatika.

"Boga bichi wewe!" Profesa akanipigia kelele, na Suame yote ikapokea. Boga bichi! Nilisikia aibu, sikatai. Masikio yalinichemka.

Kilichotokea baadaye sikukitegemea. Gertrude Pokuaa alikuwa anatetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alisema kumbe hakuna aliyemtukana ila mjinga mmoja. Maame Dufie akamtazama, akaanza kucheka naye. Wakaulizana kitambaa wamenunua kwa nani. Kwa mwanamke yule yule, soko la Kejetia, aliyemwambia kila mmoja kwamba kipande ni kimoja tu! Waliondoka pamoja kwenda kumtafuta. Nilisahauliwa kwa muda, na nilishukuru.

Lakini kabla hajaondoka, Maame Dufie alitoa hukumu: kona anapewa Profesa. Atajenga kibanda kipya. Mimi nirudishe kibao mahali pake, na chini yake niandike maana yake kwa lugha yetu ili kila mtu aelewe.

Ilibidi nimwombe Adwoa sinia lake. Aliondoa mayai moja moja, akalifuta, akanipa. Hapo ndipo nilipoumia. Kibanda ni mbao. Ile ilikuwa zawadi.

Jumatano, 12 Juni

Maneno ya Gertrude nimeyafuta, kibao kimerudi, kingo nimezinyoosha kwa nyundo. Chini yake nimeandika kwa herufi kubwa, nzuri, na kwa kinyongo:

KAA MBALI, MKIA UNAFAGIA

Sikuweka hata ua. Hakuna sanaa humo. Ni onyo tupu. Nilirudi kando ya mtaro nikala yai. Adwoa aliongeza pilipili bila kuombwa. Labda ni hasira, labda si hasira. Lilikuwa tamu.

Jumatatu, 17 Juni

Mtanishangaa nyinyi kurasa.

Trela limekwenda Techiman limerudi na mahindi, na kila lilikopita watu wamepiga makofi. KAA MBALI, MKIA UNAFAGIA! Watu wamelipokea kama kijembe. Kwamba mwenye trela anawaambia wenye wivu wasimsogelee. Asubuhi hii mwenye teksi amekuja anataka maneno hayo hayo kwenye kioo cha nyuma. Teksi! Ina mkia gani? Kisha mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Kisha fundi cherehani, kwenye bango la duka lake. Kisha Gertrude Pokuaa mwenyewe, kwa lori la saruji. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema anataka yasomeke kutoka kwa Maame Dufie.

Foleni imefika mtaroni. Wanatembea kutoka kona, wanapita mbele ya mbao mpya za Profesa, wanamuuliza boga bichi anakaa wapi. Yeye mwenyewe ndiye anayewaelekeza! Bado anajenga. Amejenga upande ule ule trela linakopindia. Nilifikiria kumwambia. Nitamwambia.

Nilisema tangu mwanzo: kwenye gari hakuna onyo. Kila neno ni kijembe. Nilikuwa sahihi, ila watu walichelewa kunifikia. Nimeridhika sana na maisha.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwambia Profesa. Alifikiri ninamwonea wivu, akanicheka. Basi.

Leo Maame Dufie amepokea lori jingine la Uholanzi! Fupi, halina usukani wa nyuma, nimehakikisha, nimeyapiga teke matairi yote. Lakini ubavuni, karibu na mlango wa dereva, kuna kibao. Picha nzuri mno. Dereva yuko ndani, anatazama mbele tu. Ubavuni mwa lori pana eneo lote jekundu, na mtu mmoja amesimama katikati ya huo wekundu, peke yake. Maandishi: DODE HOEK.

Maame Dufie alisema apigiwe binamu wa Rotterdam. Profesa hana salio. Watu wakanitazama. Nimekomaa, nimejifunza, sitaki tena. Nilinyamaza mpaka nikaona Adwoa naye ananitazama, sinia lake la zamani la kadibodi kichwani.

Ukweli ni kwamba hili ni rahisi. Hata mjinga analisoma. Kwa lugha yetu, dɔ ni mapenzi. Dɛ ni utamu. Waholanzi wa Elmina tena! Mapenzi ni matamu. Hoek ndiye kijana mwenyewe aliyesimama penye wekundu, na wekundu ni moyo wake. Na dereva haoni kwa sababu ana adabu, hawachungulii wapendanao. Nililieleza vizuri. Hakuna aliyecheka. Gertrude alipangusa jicho.

Maame Dufie amekubali nikitoe kibao hicho, nikikunje kingo, kiwe sinia jipya la Adwoa. Kesho. Leo nimetaka akione kwanza kikiwa mahali pake, kama Hoek alivyotaka. Nimemsimamisha palepale ubavuni, karibu kabisa na gurudumu, nami nimesimama naye, naandika haya nikiwa nimeegemea lori. Ananiuliza kwa nini nimevaa fulana ya Hamburg siku ya kazi. Leo nitamwambia lile jambo jingine.

Alhaji amewasha injini. Anatazama mbele tu, sisi hatuoni kabisa. Mtu wa adabu sana yule.